Nafasi ya Henriette

Sombe ya Jumapili ile ilikuwa na karanga.

Katika nyumba nyingine hilo si jambo la kusimulia. Katika nyumba ya Martine lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu tangu utoto wake karanga humvimbisha midomo na kumziba pumzi, na tangu aolewe na Ghislain hakuna hata punje moja iliyowahi kuingia jikoni kwake pale mtaa wa Kikula. Sombe ile ya majani ya muhogo aliitwanga mwenyewe, akaichemsha mwenyewe, akatia mawese na samaki mkavu, akaifunika, akaenda kuoga. Aliporudi kupakua, mumewe alikuwa ameshaanza kudokoa.

"Mama Laure," Ghislain akasema huku akilamba vidole, "sombe ya leo ni muzuri mingi. Inanikumbusha zamani."

"Zamani gani?"

"Zamani tu."

Martine akaonja kwa ncha ya ulimi, na midomo ikaanza kumuwasha palepale. Akatema, akasukutua, akamtazama mumewe, ambaye alikuwa anakula kama mtu aliyerudi kutoka safari ndefu.

"Nani aliingia ku jiko?"

"Hakuna muntu. Si tuko bawili tu mu nyumba?"

Ni kweli walikuwa wawili tu. Binti yao Laure alikuwa ameolewa Lubumbashi, na chumba chake kilikuwa kimejaa magunia ya makaa. Martine akamwaga sombe yote kwa mbwa wa jirani, na siku ile akalala na njaa.

Tuseme ukweli, Ghislain siku hizo alikuwa na sababu ya kula vizuri. Kabla ya kuzeekea kiwandani alikuwa mwimbaji wa okestra moja hapa Likasi, na kabla ya Martine alikuwa na mke mwingine, Henriette. Henriette alikufa kwa homa wakati ndoa yao ingali mbichi. Wiki ileile ya maziko Ghislain akatunga wimbo, okestra ikaurekodi, redio ikaupiga, watu wakaulilia kwenye baa, kisha ukachoka kama nyimbo zote zinavyochoka. Martine alipoolewa, wimbo ule ulikuwa umekwisha kufa kifo chake, na yeye si mtu wa kumwonea marehemu wivu.

Mwaka huu ukafufuka. Mchezo mmoja wa televisheni kutoka Kinshasa, ule ambao jioni unafanya wanawake wasahau vyungu motoni, uliuchukua wimbo ule na kuupiga kila mwanzo wa kipindi. Nani aliuchimbua, hatujui. Haukupita muda, ukawa wa kwanza kwenye hit-parade ya redio ya Jumamosi, juu ya vijana ambao baba zao walikuwa hawajabalehe ulipotungwa. Ulilia kwenye pikipiki, kwenye saluni, kwenye vibanda vya kuchaji simu. Watoto wa shule waliucheza mbele ya simu zao wakiwa na yunifomu. Hata walevi wa lutuku waliuimba bila kukosea sauti, na hao si kawaida yao kupatia chochote.

*Henriette ee, rudia ku nyumba, nafasi yako iko, hakuna mwenye ataikala.*

"Papa, uko premier!" Laure alipiga kelele kwenye simu. "Bantu bote banakuimba, mpaka huku!"

Ghislain alicheka mpaka akakohoa. Akaanza kujipaka manukato na kunyoa kila asubuhi. Martine naye alifurahi, kwa nini asifurahi? Aliuimba wimbo ule akiosha vyombo, akiuimba kwa sauti, na madirisha yakiwa wazi. Tunasema mdomo uliponza kichwa, na huu ulikuwa mdomo wake mwenyewe.

Baada ya sombe ile, mambo yalikuja moja moja. Siku moja alikuta vitenge vyake vyote vimekunjwa vizuri ndani ya mfuko, na mfuko umewekwa karibu na mlango wa mbele, kama vya mtu anayesubiri gari. Akavirudisha kabatini. Kesho yake vilikuwa mlangoni tena. Ghislain alipoulizwa alitikisa kichwa bila kunyanyua macho.

Kisha ikaja harufu. Ilikuja mchana mweupe, saa ile ambayo mabati yanalia kwa jua: mafuta matamu ya pomade ya zamani, ya aina ambayo haiuzwi tena sokoni, na chini yake udongo mbichi. Pamoja na harufu zikaja ndala, zikiburutwa taratibu ukumbini kutoka chumbani kwenda jikoni, mwendo wa mwanamke asiye na haraka kwa sababu yuko kwake. Martine alikuwa barazani anachambua maharagwe. Jikoni mtu akaanza kuimba kwa kinywa kilichofumbwa, na hakuimba kiitikio ambacho mji mzima unakijua, aliimba ubeti wa mwisho ambao televisheni haiupigi, ule ambapo mwimbaji anataja upande wa kitanda aliomwachia mkewe. Martine aliusikia mara moja tu maishani, Ghislain alipolewa kwenye harusi ya Laure.

Hakuenda kutazama. Na wewe usingeenda.

Karanga zikaingia katika kila kitu. Alizionja kwenye uji, kwenye ugali wa bukari, mpaka kwenye chai. Akaanza kula sokoni, amesimama, kama msafiri, na kurudi nyumbani kulala tu. Alikonda, na aliogopa. Aliogopa kufa kwa kijiko cha chakula katika jiko alilolijenga mwenyewe tofali kwa tofali, na aliogopa zaidi kwamba mumewe haogopi.

Akamwita mama Aimée wa kikundi cha sala parokiani, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Mama Aimée alinyunyiza maji ya baraka sebuleni, akanyunyiza jikoni, akifukuza kwa jina la Yezu. Alipofika chumba cha kulala akasimama kizingitini, na sauti yake kubwa ikashuka ikawa ya kunong'ona.

"Mama Laure, mu kitanda munalalaka bangapi?"

"Bawili."

"Lakini angalia godoro. Minye naona bishimo bitatu."

Martine akaangalia. Kulikuwa na shimo la Ghislain upande wa ukuta, na shimo lake yeye ukingoni kabisa, jembamba, la mtu anayesukumwa usiku kucha bila kujua. Na katikati kulikuwa na la tatu, lenye kina, lililotulia. Mama Aimée aliondoka bila kumaliza sala, na chupa ya maji ya baraka akaiacha palepale sakafuni.

Jioni ile umeme ulikuwepo. Ghislain akawasha televisheni, akakaa kwenye kochi, na Martine akakaa kando yake kwa sababu kukaa peke yake chumba kingine kulimshinda. Kipindi kikaanza, gitaa likalia, na mtaa mzima, nyumba hadi nyumba, watu wakaanza kuitikia pamoja na televisheni zao, Henriette ee, rudia ku nyumba, na katika kuitikia huko Martine akasikia mto wa kochi kati yake na mumewe ukibonyea polepole, kwanza kidogo, kisha kwa uzito kamili wa mtu mzima anayekaa na kujiegemeza, na harufu ya pomade ikampanda puani mpaka machozi yakamtoka, na baridi ikamgusa paja lake la kulia kwa urefu wote wa paja jingine, na alipotaka kupiga kelele akaona Ghislain amejisogeza ukutani kutoa nafasi, bila kushtuka, macho kwenye televisheni, kama mume anavyofanya kila jioni ya maisha yake.

"Songea kiloko, Martine," akanong'ona. "Tunafinyana."

Safari hii hakumwita Mama Laure.

Asubuhi yake Martine alikwenda Kakanda kumtafuta Orpa, mdogo wake Henriette, anayeuza viatu vya mpira na tochi kwa wachimbaji. Hawakuwahi kuzungumza. Orpa alimtazama midomo, akamtazama mifupa ya shingo, akamvutia kiti.

"Alifika," Orpa akasema. Hakuuliza.

"Yaya, dada yangu, nisaidie. Nilimukosea nini?"

"Weye haukukosa kitu. Bwana yako alikatala lufu."

Kwa watu wa kwao, mtu akifiwa na mwenzi wake hubaki ameshikwa na kifo hicho, na hilo ndilo lufu. Ndugu wa marehemu ndio wanaomfungua: wanampaka unga mweupe usoni, naye anatamka mbele yao kwamba amemwachilia marehemu aende zake. Asipofunguliwa, marehemu angali mke, hata mwingine akiolewa kanisani kwa kengele na maua. Walipokwenda na unga wao, Ghislain aliwaambia yeye ni Mkatoliki, na kwamba wimbo wake ni kilio cha kutosha.

"Tulimuambia: shemeki, ile wimbo inamwita Henriette, haimuache," Orpa akasema kwa sauti ya chini, akitazama nyuma yake. "Hakusikia. Lakini wakati ile alikuwa anaita peke yake. Sauti moya, mufu anaweza kukatala. Sasa ni bantu bote banaita. Weye, ukiitwa na muji muzima, hautarudia?"

"Na minye?"

"Weye uko unaikala ku nafasi yake."

Martine akalia. Orpa alimwacha alie, kisha akasema atakuja. Lufu halina kuchelewa, alisema, ila Ghislain lazima atamke kwa roho yake, kinywa peke yake hakitoshi.

Alikuja Jumamosi alasiri na sahani ya unga. Ghislain hakubisha. Alikuwa mtu mpole, na midomo ya Martine aliiona, na tusimsingizie: alimpenda mke wake huyu aliyemzalia Laure na kumuuguza kifua cha kiwandani. Alikaa kwenye mkeka nje ya mlango wa mbele, akakunja miguu kama mtoto wa komunyo ya kwanza. Orpa akampaka unga kwenye paji la uso na mashavuni. Martine akapiga magoti mbele yake, akamshika mkono.

"Sema, shemeki. Henriette, kwenda. Nafasi yako haiko tena huku," Orpa akasema.

"Henriette," Ghislain akasema.

Ndani ya nyumba kiti kikaburutwa, kama mtu ameinuka asikie vizuri. Orpa akafumba macho. Martine akaukaza mkono wa mumewe.

"Endelea, Papa Laure. Nakuomba."

"Henriette, kwenda..."

Ua wa jirani ukalipuka kwa redio. Mtangazaji alikuwa anapaza sauti kwamba wa kwanza wiki hii ni yuleyule wa wiki iliyopita, mzee wetu wa Likasi, na gitaa likaingia, na wanawake waliokuwa kwenye foleni ya maji wakaitikia, na watoto wakaitikia, na fundi baiskeli kule pembeni akaitikia akigonga rimu kwa spana, nafasi yako iko, nafasi yako iko, mpaka ikawa kana kwamba Kikula nzima ina kinywa kimoja na kinywa hicho kinauelekea mlango ule. Machozi yakachora njia kwenye unga wa mashavu ya Ghislain.

"Siwezi," akasema.

"Papa Laure, niangalie minye. Niangalie."

"Bantu bote banamwita, na minye mwenyewe nimufukuze? Minye njo nilimwambia arudie."

Alimwangalia Martine wakati huo, na ingekuwa afadhali asingemwangalia. Yalikuwa macho ya huruma, macho ya mtu anayemtazama mgeni aliyekaa kupita siku zake na sasa inabidi aambiwe. Akauachia mkono wake taratibu, kidole kwa kidole. Akasimama, akajifuta unga kwa mkono wa shati, akaingia ndani, na mlango ukafungwa nyuma yake bila yeye kugeuka kuufunga.

Orpa alimwaga unga uliobaki. "Tuende, dada," akanong'ona. "Usiingie. Utalala kwangu."

"Ni nyumba yangu."

"Tuende, nakuambia."

"Nilizalia mutoto mule ndani, Yaya. Niende wapi?"

Akamkwepa Orpa, akausukuma mlango. Haukufunguka. Ulikuwa umefungwa kwa komeo la ndani, lile la chuma ambalo alilinunua mwenyewe. Akamwita mumewe kwa jina la mtoto, akamwita kwa jina la ubatizo, akasikia sufuria ikifunikwa jikoni, na ndala zikiburutwa bila haraka kutoka jikoni kuja ukumbini, zikipita meza, zikipita kochi, zikija mpaka upande wa pili wa ubao uleule aliouwekea kiganja chake, na zikatulia hapo. Martine akasema lile ambalo mwenye nyumba halisemi kwake.

"Hodi."

Sauti ya mwanamke ikajibu kutoka ndani, sauti ya utulivu, ya mtu aliyekatizwa kazi zake.

"Njo nani? Mama, unatafuta nani hapa?"