Marehemu Aliyepokea Simu

Kila siku saa nane mchana, fundi viatu alipangusa gundi vidoleni, akampa binti yake simu, kisha akarudi kwenye kigoda chake barazani. Simu hiyo ndiyo ilikuwa darasa. Paa la shule lilikuwa linatengenezwa, na wanafunzi wa darasa la sita walisomea nyumbani kwa mtandao.

Wenzake walimwita binti huyo Kiwembe kwa wepesi wake. Alimaliza kazi wengine wakiwa bado wanatafuta kalamu, na wepesi huo ndio uliomponza.

Jumatatu, Mwalimu aliagiza insha kuhusu kazi ya mzazi. "Kaeni naye, mwulizeni, andikeni anayowaambia," alisema.

Baba alisikia kutoka barazani. Kesho yake akavaa shati safi, akapanga sindano na nyuzi zake vizuri, akasubiri kuulizwa. Kiwembe alimpita mara tatu akienda kuruka kamba. Nitamwuliza baadaye, alijiambia.

Jumatano, muda wa kutuma ukiwa umebaki nusu saa, alitafuta mtandaoni akapata insha ndefu ya mtu asiyemjua, inayomhusu baba fundi seremala. Akainakili yote. Kila palipoandikwa "seremala" akaweka "viatu", akasoma aya ya kwanza, akatuma. Alirudisha simu akipiga mluzi.

Alhamisi asubuhi simu ililia. Baba alikuwa ameshika kiatu na sindano, uzi ameubana mdomoni, kwa hiyo akabonyeza kipaza sauti.

"Habari za asubuhi, ndugu. Mimi ni mwalimu wa Kiwembe. Naomba kuongea na mama yake."

"Ametoka kidogo, Mwalimu. Niambie mimi tu."

"Bila shaka wewe ni mjomba. Poleni sana na msiba. Insha ya mtoto imeniliza. Sikujua kwamba amefiwa na baba yake mwezi uliopita."

Uzi ulimdondoka Baba mdomoni.

"Mwalimu," alisema taratibu, "baba yake ni mimi."

Kiwembe alikuwa akifagia ndani. Alisikia yote kwenye kipaza sauti. Msiba? Msiba gani?

"Mwanangu, hebu njoo hapa," Baba alimwita. "Nimekufa lini?"

Mwalimu, naye akiwa amepigwa na butwaa, alisoma aya ya mwisho: "Siku tuliyomzika fundi viatu wetu, nilikumbatia randa yake, nikanusa harufu ya mbao." Kisha akaongeza, "Nilijiuliza fundi viatu randa ya kulainishia mbao ni ya nini. Nikasema labda mtoto amechanganyikiwa kwa huzuni. Na mimi nimeshawaarifu wazazi wenzenu."

Kabla hajamaliza, akina mama wawili wa mtaa wa pili, ambao watoto wao walisoma na Kiwembe, walifika barazani wakiwa wamejitanda khanga, nyuso zimewashuka. Walimkuta marehemu ameshika nyundo. Mmoja aliketi chini palepale.

Kiwembe alilia kwa aibu na woga. "Niliinakili, Baba. Mwisho sikuusoma."

Hakuna aliyemfokea, na hilo lilimtisha zaidi. Mwalimu alimwambia kwamba insha ile haina alama, na kwamba ataandika nyingine. "Kunakili kazi ya mtu na kuiita yako ni wizi, hata kama haikufungiwa kabatini," alisema. "Na mimi nilikosea kupokea insha tu bila kuuliza. Kuanzia sasa kila mmoja atanitumia kwanza picha ya maelezo aliyoyaandika kwa mkono, kisha nitamhoji mbele ya kamera kuhusu alichoandika."

Akina mama walipoondoka, Baba aliokota uzi wake.

"Mwanangu, yule aliyeandika alimzika baba yake kweli. Wewe umeuchukua uchungu wake ili uwahi kucheza," alisema. "Na mimi nimeumia. Siku mbili nilikaa hapa nikikungoja. Hakuna aliyewahi kuniuliza habari za kazi hii, nikadhani wewe utaniuliza. Jambo la kweli ulilolitafuta mwenyewe, hata likiwa dogo, ni lako."

Kiwembe alifuta machozi, akaleta daftari na kalamu, akaketi miguuni pake.

"Baba, kiatu cha kwanza kushona kilikuwa cha nani?"

Baba aliweka nyundo chini. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu simu ilie.

"Kilikuwa cha mama yako," alisema. "Andika taratibu. Leo marehemu ana nafasi."