Nilimfungia Wifi Yangu, Nikamfungulia Tapeli

Banange, jamani! Simu zote zililia kwa mpigo katikati ya dua ya arobaini ya bibi!

Mzee Marjan, baba yangu mkubwa, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ile ya msikitini:

"Dawa ya nguvu za kiume... ukinunua mbili..."

Akavua miwani haraka.

"Nani katuma?"

"Lailah wa Bombo," akajibu binamu yangu Sadik. "Ila Bombo hakuna Lailah huyo. Ni tapeli, na ile sauti aliyotuma kuomba kuingia kaiiba mahali."

Jasho likaanza kunitoka. Ngoja niwaeleze.

Sisi Wanubi wa Kibuli tuna mtandao wetu wa meseji. Hauna kampuni, mtambo uko dukani kwa Sadik, umeunganishwa na wa ndugu zetu wa Bombo. Walinzi ni sisi wenyewe: mgeni haingii mpaka mwenzetu akutane naye uso kwa uso, askani alama kwenye simu yake, amdhamini. Mlinzi wa upande wa wanawake ni mimi.

Huyo Lailah alinitumia sauti na picha ya alama yake tu. Kanisalimia kwa Kinubi kitamu, kaniita dada... Nikasema huyu damu yetu. Nikamdhamini bila kumwona!

"Maimunah," Sadik akaniita mbele za watu, "na huyu Rosalba, mbona kwenye mtambo naona ombi lake umelitupa kwenye takataka?"

Wallahi, nilitamani ardhi inimeze.

Rosalba ni wifi yangu, mke wa kaka yangu Hamim. Mwacholi, si Mnubi kama sisi. Wiki ileile niliyomwingiza Lailah, Rosalba alikuja kutoka Kyebando, akasimama mbele yangu, simu mkononi. Nikamwambia simu yangu imegoma. Uongo mtupu! Sikutaka tu Mwacholi asome mambo yetu.

Na sasa kasimama mlangoni na sinia la chai, anasikia yote.

Sadik akamskani palepale, akamwingiza. Mimi akanitoa.

"Ukitaka kurudi, tafuta mdhamini."

Nikamtazama anti Shakirah. Akaangalia kikombe chake. Nikamtazama mama yangu mzazi... akajitanda mtandio upya.

Rosalba akaweka sinia chini.

"Lete simu, wifi."

"Rosalba, mimi nili..."

"Najua ulichofanya. Lete."

Akaskani. Sadik akauliza kama utaratibu unavyotaka:

"Unamjua huyu?"

"Namjua," akasema. "Sasa namjua vizuri."

Watu wakaguna. Nililia kwa aibu, mpaka naandika hapa macho yamevimba.

Wapendwa, ulimi mtamu si kitambulisho. Mtu wako ni yule anayekuja mwenyewe, akasimama mbele yako. Wangu alisimama, nikamwambia simu imegoma.