Moja Nukta Mbili

Harufu ya mikate ndiyo iliyomwamsha Chiriku kila siku, maana chumba chake kilipakana ukuta na bekari. Alinawa uso, akavaa sare ya shule, kisha akamsaidia mama kupanga mikate kwenye kreti zilizofungwa nyuma ya pikipiki. Kazi hiyo aliifanya huku mdomo haupumziki. Alizungumza na mama, na paka, hata na mikate yenyewe. Ndiyo maana babu, aliyekuwa akiishi nao, alimpachika jina hilo la Chiriku.

"Pikipiki ya mama yako ina breki mbili," babu alizoea kumwambia. "Wewe huna hata moja."

Mama alikuwa msambazaji wa mikate. Siku za kazi aliendesha taratibu kama aliyebeba mayai, na madereva wa malori walimpigia honi mpaka wakachoka wenyewe. Lakini Jumamosi akipata nafasi alikuwa mtu mwingine. Alivaa suti ya ngozi, akapanda pikipiki yake nyekundu ambayo mjomba aliiunda kutokana na pikipiki mbovu tatu, akaenda kwenye uwanja wa mbio nje ya mji. Huko hakuna malori, watembea kwa miguu wala mashimo. Waendeshaji waligawanywa katika makundi kulingana na kasi yao, kundi la kwanza likiwa la wenye kasi zaidi, na mama alikuwa katika kundi la wanaojifunza. Wenzake walimwita Mama Mikate.

Kitu kimoja tu kilimkera. Hakujua kama anaendelea vizuri.

"Nazunguka kama feni," alilalamika jioni moja wakiwa mezani. "Nachoka, nafurahi, lakini sijui kama kasi yangu inapanda au inashuka. Nahitaji kitu cha kunipimia muda wa kila mzunguko."

Mjomba alikuwa akilisubiri neno hilo. Alikuwa fundi wa pikipiki na alipenda kila kitu kinachong'aa. Alitoa simu yake akawaonyesha picha ya kifaa chenye kioo, cha kufungwa mbele ya usukani.

"Hiki hapa, dada. Kinapima mzunguko, kinapima ulivyolala kwenye kona, kinapima mpaka joto la injini. Na kinawaka rangi tano."

"Nikiwa kwenye kona hizo rangi tano nitazitazama saa ngapi?" mama akauliza. "Halafu nikinunua hicho, buti mpya si ndiyo nimezisahau?"

Wote walizitazama buti zilizokuwa mlangoni. Zilikuwa zimepasuka kando, na ukizishika kisigino kilicheza. Mtu akianguka nazo, mguu ungekuwa hauna mlinzi.

"Mimi nina wazo," Chiriku akadakia, kama kawaida yake. "Ile simu ya zamani ya mjomba tuitie programu ya kupima mizunguko. Ipo ya bure. Tatizo ni kwamba simu peke yake inaziuliza setilaiti iko wapi mara moja tu kwa sekunde, na sekunde hiyo ikiisha pikipiki imeshafika mbali. Lakini kuna kipokezi kidogo, kama kiberiti hivi, kinachouliza mara kumi. Bei yake haifiki hata robo ya hicho cha mjomba."

"Hayo umeyasoma wapi?" mama akauliza.

"Kwenye simu."

"Hebu subiri nukta moja," babu akasema. "Yaani simu imejisifu yenyewe, na sisi tumeamini?"

Wakacheka, kisha wakapatana. Mwendeshaji mmoja angewaazima kipokezi chake, na mwalimu wa michezo angemwazima Chiriku saa yake ya kupimia wakimbiaji. Jumamosi inayofuata simu ingepima, na Chiriku angepima kwa saa. Simu ikisema sawa na saa, wangenunua kipokezi, na mama angepata buti zake. Simu ikikosea, wangenunua kifaa cha mjomba, na buti zingengoja.

Jumamosi ikafika. Mjomba aliizungushia simu sponji, akaifungia chini ya kiti cha pikipiki pamoja na kipokezi cha kuazima. Chiriku na babu wakasimama nyuma ya ukuta mfupi kando ya mstari wa kumalizia, Chiriku na saa yake, babu na ubao mdogo mweusi na chaki. Kazi ya babu ilikuwa kuandika muda na kuuinua ubao juu, ili mama auone anapopita.

Sasa, wiki ile darasani kwa Chiriku walikuwa wamefundishwa desimali. Alipata zote, na tangu hapo nyumba nzima haikuwa na amani. Nusu ya mkate aliiita sifuri nukta tano. Kikombe na robo cha maji kilikuwa moja nukta mbili tano. Hata paka alipewa maziwa kwa desimali.

Mama alipomaliza mzunguko na kupita mbele yao kwa mngurumo, Chiriku akabonyeza saa. Sekunde sabini na mbili. Angeweza kusema hivyo hivyo na mambo yakaisha. Lakini karibu yao walisimama watu wengine wa kupima, watu wazima, na Chiriku alitaka wajue wamesimama na msomi. Akagawanya kwa sitini kichwani, haraka haraka.

"Ngapi?" babu akauliza, mkono sikioni kwa ajili ya kelele.

"Moja nukta mbili!"

Macho ya babu yakamtoka. "Una hakika?"

"Moja nukta mbili kamili, Babu. Nimepiga hesabu mwenyewe."

Babu akaandika, akauinua ubao juu kuelekea barabarani. Chiriku, aliyekuwa nyuma yake, hakuyaona maandishi. Alichokiona ni mama akipita tena, akauangalia ubao, akainua ngumi hewani.

Mama alipotoka barabarani alivua helmeti, machozi yanamtiririka. "Dakika moja na sekunde mbili! Mimi huyu, Mama Mikate!" Akamkumbatia babu, akamkumbatia mjomba, akamnyanyua Chiriku juu kama mtoto mchanga. Waendeshaji wakaja kumpa mkono, hata wale wa kundi la kwanza, ambao wao wenyewe dakika moja na sekunde mbili waliipata siku za bahati tu.

"Mjukuu wangu ndiye aliyepima," babu alikuwa akimweleza kila aliyesogea. "Dakika moja, nukta mbili."

Chiriku akautazama ubao. Uliandikwa 1:02. Hapo ndipo alipoelewa. Babu alikuwa mtu wa zamani, na sekunde kwake iliitwa nukta tangu utoto wake. Nukta ya Chiriku ilikuwa ile ya desimali. Yeye alisema dakika moja na sehemu mbili za kumi, yaani sekunde kumi na mbili zaidi ya dakika. Babu alisikia sekunde mbili.

Mjomba naye alikuwa ameshaifungua simu. "Si niliwaambia? Hii inasema dakika moja na sekunde kumi na mbili. Imekosea sekunde kumi nzima. Kesho naenda kukichukua kile kifaa, na mjadala umefungwa."

"Kichukue," mama akasema. Siku hiyo angekubali chochote. Alikuwa ameshamkaribia msimamizi wa uwanja. "Nihamishie kundi la kwanza, tafadhali."

"Kwa muda huo ni haki yako," msimamizi akajibu. "Nani kakupimia?"

"Binti yangu."

"Basi vaa helmeti, wanatoka sasa hivi."

Chiriku hakuwahi kumwona mama amefurahi vile. Akisema, furaha yote ile ingezimika mbele ya watu, na kosa lingekuwa lake. Akinyamaza, nani angejua? Simu imeshaitwa mwongo. Akatazama kundi la kwanza likijipanga, pikipiki kubwa zikinguruma, wenyewe wakiwa wazoefu wa miaka. Wangempita mama kushoto na kulia, kwenye kona zile zile anazozijua nusu nusu. Akazitazama buti zilizopasuka. Akakimbia, akamshika mama mkono kabla hajafunga helmeti.

"Mama, si sekunde mbili."

"Unasemaje?"

"Ni dakika moja na sekunde kumi na mbili. Simu haijakosea. Nimekosea mimi. Nilisema kwa desimali ili nionekane najua, na Babu hakunielewa. Nimeuona ubao toka mlipokuwa mnapongezana, nikaogopa kusema." "Nisamehe, Mama. Usiende na wale."

Mama akasimama na helmeti mkononi. Uso wake ulishuka, na Chiriku alitamani ardhi immeze.

"Kwani nukta si sekunde?" babu akauliza kwa mshangao wa kweli.

"Yako ndiyo, Babu. Yangu ni ya desimali."

Babu akavua kofia akajikuna kichwa. "Maajabu haya. Tumesema Kiswahili kimoja, tumesimama bega kwa bega, na hatukuelewana."

Mjomba ndiye aliyeanza kucheka. Mama alijikaza kidogo, mdomo ukamcheza, akashindwa, akaketi juu ya rundo la matairi akicheka mpaka akajishika mbavu. "Nimekuwa bingwa kwa robo saa," akasema. "Kuna watu hawajaupata hata huo." Kisha akamgeukia msimamizi. "Nirudishe kwa wanafunzi wenzangu, ndugu yangu."

Wakaketi wote kuizunguka simu. Kumbe ilikuwa imechora njia nzima ya uwanja, na kila mahali kasi ya mama. Mjomba aliivuta picha kwa vidole, na ubishi wake ukaanza kupungua.

"Hebu ona hii kona ya karibu na tangi la maji. Unafunga mafuta mapema mno, dada. Kona nyingine zote uko sawa, ila hapa unaendesha kama una kreti za mikate nyuma."

"Kweli kabisa," mama akasema. "Inafanana na kona ya kuingia bekari. Mkono unafunga wenyewe."

Mchana akatoka tena, na kundi lake. Chiriku akabonyeza saa, akavuta pumzi, akasema polepole, neno kwa neno, "Dakika moja, na sekunde kumi." Babu alimfanya arudie, ndipo akaandika. Ngumi ya mama ikapanda tena hewani, na safari hii simu nayo ilisema vilevile. Babu akacheza hapo hapo nyuma ya ukuta, chaki mkononi. Mjomba aliuliza, kwa sauti ya chini, kama mwenye kipokezi anajua kinakouzwa, maana hata yeye angependa kimoja.

Wiki iliyofuata mama alinunua kipokezi, na alinunua buti. Lakini neno alilotaka kumwambia binti yake alilisema siku ile ile, wakipakia pikipiki kwenye gari.

"Mwanangu, usijione mbaya. Simu, saa, hata kile kifaa cha mjomba wako, vyote kazi yake ni kupima. Baada ya hapo lazima mtu aseme kilichopimwa, na mimi nikiwa kule barabarani namwamini bila kumwona uso. Kwa hiyo sema kwa namna ya kueleweka, si kwa namna ya kusifiwa. Na ukikosea, sema upesi, hata kama tunacheka." Akamfuta uso kwa kiganja. "Leo umeniharibia furaha yangu, nami nakushukuru. Furaha nyingine nimeipata mchana huu huu. Miguu mingine ningeitoa wapi?"