Ufa Niliouona Kwenye Bloku ya Injini

Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu, kwetu ni Murusagamba, Ngara. Nina aibu sana... hata darasani nikijua jibu sinyooshi mkono. Haya niliyaficha kwenye daftari langu, lakini leo nawaandikia ninyi, wasomaji wenzangu, maana yananikaba.

Baba alikuwa na mashine ya kusaga. Injini ilipokufa, baba mdogo, ndugu yake wa pekee, akamletea bloku iliyotumika, lile bonge la chuma lenye silinda, kutoka Biharamulo. "Kaka, hii nzima kabisa!"

Macho ya baba hayaoni vya karibu, hivyo ukaguzi ulikuwa wangu. Alishanifundisha: osha bloku kwa dizeli, ifute ikauke, paka unga wa chaki. Kama kuna ufa, dizeli iliyojificha ndani itatoka na kulowanisha chaki.

Baba alipokwenda kutafuta gasketi za kuzibia maungio ya injini, nikafanya hivyo. Nikangoja... Mstari ukajichora! Mwembamba kama unywele, kutoka tundu la maji ya kupozea hadi kwenye silinda.

Nikamwonyesha baba mdogo. Akaufuta kwa kiganja. "Mkwaruzo tu huo, mama. Unataka kaka anione tapeli?" Akaziba kwa gundi ya chuma, akapiga msasa, akapaka bloku nzima rangi ya kijani. Mimi nimesimama na chaki yangu mkononi...

Kwa nini sikusema? Baba alirudi na mtungi wa pombe ya ndizi kumshukuru mdogo wake. Wakanywa kwa mirija, mtungi mmoja. Kwetu, watu wakishanywa hivyo, kumsema mmoja wao ni kama kumwaga ule mtungi. Mimi nani nimwage?

Jirani akatania, "Mzee, injini imerembwa kama bibi harusi!"

Baba akacheka. "Imekaguliwa na fundi wangu wa sekondari! Eti mwanangu, iko salama?"

"Ndiyo, baba."

Nilisema ndiyo!

Siku ya tisa baada ya kuifunga, tukiwa tunasaga mihogo, injini ikaanza kugonga. Kumbe maji yalishapita kwenye ule ufa na kuingia kwenye oili! Baba akainama asikilize... konrodi, ule mkono wa chuma unaoshika pistoni, ikakatika, ikatoboa bloku, chuma kikampiga gotini. Mguu wa kulia ukakatwa hospitalini. Baba mdogo hajakanyaga kwetu hadi leo.

Kilichokuwa kinaniua ni kwamba baba hakumlaumu mtu. Alilaumu macho yake! Kila nikimfunga bandeji: "Ningekuwa naona vizuri, mwanangu..."

Juzi nikashindwa. Nikamwambia yote, nalia. Nilitamani anipige. Akageukia ukutani, akasema, "Kumbe uliona."

Basi. Tangu juzi hajaniita fundi wake.

Wenzangu wenye aibu kama mimi, nawasihi! Ukiona ufa, sema siku hiyohiyo, hata sauti ikitetemeka, hata wakubwa wakikukazia macho. Mimi nilisema... lakini nilisema wakati baba ameshajifunza kutembea kwa magongo.