Madirisha ya Mchongaji

Ndugu zangu, zamani nyumba ile ilikuwa na sauti mbili: patasi ya baba uani, na mama jikoni akiimba kwa kufuata mapigo yake. Binti yao anazikumbuka hadi leo, na kila akizikumbuka moyo humuuma.

Baba alikuwa mchongaji wa mawe. Mikono ilipoanza kuchoka, akageukia kuchora picha kwenye karatasi. Rangi za maji hakuzitaka, alisema hazina mwili. Alichukua rangi za viwandani, zile za kupaka mageti, akazimimina nene hadi picha zikawa na matuta ya kupapasa kwa kidole. Zilipendeza, nani abishe? Lakini rangi nene huchelewa kukauka, na vumbi likitua juu yake picha imeharibika. Basi mtu aliyekula vumbi maisha yake yote akaanza kuliogopa. Akahamia sebuleni, akafunga madirisha, akaziba hata upenyo wa chini ya mlango kwa matambara.

Harufu ya tina, ile dawa kali ya kuyeyushia rangi, ikatawala nyumba nzima. Binti alipokuja kuwatembelea, machozi yalimtoka kabla hajaamkia.

"Baba, fungua kidogo tu. Mama anakohoa."

"Mama yako alikohoa hata enzi za mawe. Subiri hii ikauke."

"Na ikikauka?"

"Nitakuwa nimeanza nyingine."

Mama akacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi. "Mwache baba yako, mwanangu. Si unaona anavyofurahi?"

Mapenzi hayo ndiyo yaliyomponza mama. Asubuhi moja alianguka jikoni, anahema, midomo imebadilika rangi. Baba akang'oa matambara, akafungua kila dirisha. Upepo ukaingia na vumbi lake, likatua lote kwenye picha mbichi. Hakuitazama. Alimbeba mkewe hadi barabarani kutafuta gari.

Hospitali walimwokoa. Pumzi ilirudi, ila haikutosha kuimba.

Siku hizi mzee anapaka rangi uani, amevaa barakoa. Picha yenye vumbi ameitundika sebuleni na haiuzi kwa yeyote. Jioni humaliza kazi kwa kuchukua patasi ya zamani na kuligonga jiwe taratibu, bila kuchonga kitu, huku ametega sikio. Kutoka jikoni, mama humjibu kwa kugonga kijiko kwenye sufuria.

Funzo

Anayekupenda anaweza kukohoa bila kulalamika, ili tu asikukatize kazi. Usingoje alalamike. Fungua dirisha leo. Picha ikiingia vumbi, utachora nyingine.