Fundi Aliyeshika Usukani

Jioni ile Niyongabo alikuwa na haraka ya kuwahi minibasi ya Dowa. Alikuwa ametoka kupeleka viti Lilongwe, Area 36, miguu ilimuuma, tumbo lilidai nsima, ugali wa Malawi, na hamu ya kuzungumza na mtu hakuwa nayo. Huo ni uongo wake mwenyewe. Hamu alikuwa nayo tele, mtu ndiye hakuwepo. Tangu aingie kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, kule Dowa, alikuwa anakula peke yake, analala peke yake, na siku nyingine anagombana na randa yake kama vile randa inaweza kuomba msamaha.

Akakata njia kwenye mitaa ya chini ya Capital Hill. Maofisi yalikuwa yamefungwa, magari yameondoka. Ukuta, geti, ukuta, geti...

"Fundi."

Mtu alikuwa amesimama kando ya geti moja lililoachwa wazi kidogo. Alikuwa amevaa koti zito, na joto lote lile la Oktoba.

"We njo fundi ya Rumonge?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Mwenye akili angeuliza kwanza amejulikanaje. Niyongabo alifurahi tu kuitwa kwa Kiswahili cha kwao, cha Ziwa Tanganyika.

"Njo mimi, ndugu."

Mtu akaonyesha kwa kidevu. Ndani ya ua kulikuwa na mashua ndogo ya tanga, imewekwa juu ya kigari chake, mlingoti umelazwa. Hakuna ziwa Lilongwe, lakini wakubwa wa mjini huzivuta mashua zao kwa gari hadi Salima, ufukoni mwa Ziwa Malawi, siku za mapumziko, na Niyongabo hakuona ajabu.

"Mukono ya usukani ilivunjika katikati ya maji," mtu alinong'ona. "Tengeneza ingine. Utaniletea hapa hapa."

Akatoa kipande cha mti kilichovunjika, kimezungushiwa kitambaa. Alikitoa kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo kwetu ni utovu wa adabu. Wa kulia ulibaki ndani ya koti.

"Fanya upesi, ndugu. Mi nimechoka."

Kitambaa kilikuwa kimelowa. Na kilinuka samaki. Si usipa wa hapa Malawi. Ndagala. Dagaa wabichi wa Tanganyika, wa asubuhi, kabla jua halijawapiga.

Nyumbani akawasha taa, akakifungua kile kitambaa.

Kitenge cha njano, chenye miavuli myeusi.

Akakaa chini.

Miaka ile ya kukimbia vita Burundi, Niyongabo alivuka kwanza kwenda Kigoma kutafuta mahali pa kulala. Mkewe Xaverine angefuata na mashua ya pili. Aliagana naye ufukoni Rumonge, mwanamke amevaa kitenge cha njano chenye miavuli myeusi. Mashua ya pili haikufika. Haikuonekana hata ubao wake mmoja. Watu walimwambia afanye matanga, apumzike, lakini angemlilia nani, na kaburi liko wapi? Akaja hadi Malawi akiwa si mjane na si mume wa mtu. Ni hali mbaya kuliko zote mbili, na hakuna anayekuletea chakula kwa ajili yake.

Akakianika kitambaa kwenye kamba. Kesho yake, jua la Dzaleka likiwa linapasua udongo, bado kilikuwa kinadondoka.

Tone... Tone...

Kazi aliianza kwa kipande cha mninga alichokuwa amekiweka kwa ajili ya kitanda. Alikata kichwa cha mraba, pale panapoingia kwenye usukani, akatoboa tundu la bolti. Akauchonga mti kwenda mbele, mwembamba kidogo kidogo, hadi mahali pa kushikia. Kisha akaukwangua kwa kipande cha chupa mpaka ukang'aa, isipokuwa pale pa kushikia. Pale aliacha pakavu, panakwaruza.

Mafundi wa Rumonge wote hufanya hivyo. Fundi hashiki mkono wa usukani uliokamilika. Huubeba kwa kile kichwa cha mraba, kwa kitambaa, kama unavyobeba sufuria ya moto. Pale pa kushikia hulainishwa na yule atakayeongoza chombo, kwa kiganja chake mwenyewe, kwa sababu chombo humkubali wa kwanza kukishika, na hakimkubali mwingine mpaka huyo achoke. Baba yake alimchapa kofi akiwa mdogo kwa kuchezea mkono wa mashua ya watu. Hilo kofi hakulisahau.

Jirani yake, Mama Bora, mwanamke wa Baraka, upande wa Kongo wa ziwa lile, aliyeuza mandazi, alichungulia mlangoni.

"Papa Niyongabo, ndagala ulizipata wapi? Hata hunigawii?"

"Sina ndagala, Mama Bora."

"We! Nyumba yote inanuka Baraka." Alicheka. Halafu kicheko kikakatika. "Kalala wangu alikuwa ananuka vile, akitoka ku maji."

Kalala, mume wake, alikuwa mvuvi. Ziwa lilimchukua na halikumrudisha. Mama Bora akajifunga khanga vizuri na kuondoka bila kuaga.

Jua lilipozama, Niyongabo alibaki na mti ule mapajani. Alikuwa mpweke, basi. Tusitafute sababu kubwa. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akafumba macho akumbuke tu maji yalivyokuwa, na mkono wake ukaenda wenyewe.

Akaushika.

Mti ukamsukuma.

Si sana. Ni vile maji yanavyousukuma usukani ukiwa ndani ya ziwa. Kitanda kikainuka, kikashuka. Mbavu za mashua zikalia... krrr... krrr... Upepo baridi ukampiga shingoni. Na mbele yake gizani watu wengi walikuwa wanapumua.

"Niyo..."

Hakuna mwingine ila Xaverine aliyemwita hivyo duniani.

"Kamata sawasawa, Niyo. Tumechelewa sana."

Akafumbua macho. Ukuta. Taa. Sakafu kavu. Niyongabo alilia kama mtoto, kwa sauti, na hakuona haya.

Asubuhi akaufunga mti kwenye gunia akaenda Lilongwe. Alitaka kumwona yule mtu, amshike koti, amuulize Xaverine yuko wapi. Geti lilifunguliwa na mzee mpole, mwenye nyumba. Hapana, alisema, hajamtuma mtu. Hapa hakuna anayejua Kiswahili. Akampeleka mpaka kwenye mashua amwonyeshe: mkono wake wa usukani ulikuwa wa bomba la alumini, mzima kabisa, umefungwa mahali pake.

"Zikomo, bambo," mzee alimshukuru kwa Kichewa, akafunga geti taratibu.

Niyongabo alisimama barabarani na gunia lake. Alijua sasa kwamba mti haukuwa wa mashua ile. Alijua pia kwamba angeushika tena. Njia nzima ya kurudi alikuwa anaomba jua liwahi kuzama.

Safari hii hakufumbua macho. Maji yaliusukuma mti, naye akasukuma. Aliongoza kama alivyofundishwa, akilielekezea wimbi bega la mashua. Mikono ilimuuma, jasho likamwingia mdomoni. Sauti ya Xaverine ilikuwa mbele kabisa, kwenye pua ya mashua. "Usiachie, Niyo. Karibu." Kisha kitu kikagonga chini ya kitanda. Chombo kilikuwa kimefika.

Tapu.

Mguu uliolowa ulikanyaga sakafu.

Tapu. Tapu.

Walishuka mmoja mmoja. Walimpita karibu, nguo zao zikimgusa magoti, baridi, zikinuka ndagala. Mlango ukafunguka. Alisubiri wa mwisho, mkono umeganda kwenye mti. Alisubiri mguu mwepesi anaoujua, kiganja shavuni.

Hakuna aliyemgusa.

"Mi ningali huku, Niyo," sauti ikasema, mbali sasa. "Bantu ni bengi. Rudi utuchukue."

Kulipokucha, Mama Bora alikuwa mlangoni. Nyuma yake vumbi la kichochoro lilikuwa limeshika nyayo za maji, kutoka kwa Niyongabo hadi kwenye milango ya watu. Milango yote ilikuwa imefungwa. Hakuna redio, hakuna mtoto aliyelia.

"Kalala amerudi," alinong'ona. "Anasimama tu. Namupa chakula, anaangalia. Maji inatoka mu masikio yake, haiishi. Ni yeye, Papa... lakini si yeye." Akamshika mkono. "Murudishe. Na usilete bengine. Nakuomba."

"Umeona mwanamke? Kitenge ya njano?"

Mama Bora aliinamisha macho. Alikuwa anaangalia mkono aliokuwa ameushika. Kiganja cha kulia cha Niyongabo kilikuwa kimekunjamana, cheupe, kimeanza kubanduka, kama cha mtu aliyekaa majini siku nyingi. Akauachia haraka.

Niyongabo akalikumbuka lile koti zito, na mkono usiotoka. *Mi nimechoka.* Ni nani aliyeiongoza mashua ya pili ya Rumonge, hakuwahi kumjua. Sasa alidhani amemwona.

Aliapa kuuchoma ule mti, na aliapa kwa moyo wake wote. Aliuchukua mpaka kwenye jiko la mkaa. Pale palipokuwa panakwaruza palikuwa laini, pamebonyea, na dole gumba lake lilikaa ndani ya bonyeo lake sawasawa. Akasimama nao hivyo, moto ukiwaka bure, mpaka mkaa ukawa majivu.

Jioni Kalala alikuja mwenyewe. Mama Bora alimfuata kwa mbali, analia, khanga mdomoni. Kalala hakubisha hodi. Aliingia akipiga maji sakafuni, akamtazama Niyongabo vile abiria anavyomtazama mwenye chombo aliyechelewa, kisha akaketi mbele yake na kungoja.

Ni kumrudisha tu, Niyongabo alijiambia. Jirani ameomba. Na wakati wa kurudi mashua haiwezi kuja tupu.

Akafunga mlango, akafumba macho, akashika.

Maji yakamsukuma. Alikwenda, akageuza, akarudi, na sauti ya Xaverine ikamwongoza njia yote. Kitu kikagonga chini ya kitanda. Safari hii wa kwanza kushuka angekuwa Xaverine. Alikuwa na hakika. Alitabasamu gizani, kiganja kikimwaka.

Tapu...

Mguu ulikuwa mzito mno kuwa wa Xaverine.