Aliyekuja Kumchukua Karlene

Saa kumi na moja jioni, Jumapili ya mwisho ya Januari, nilimpelekea Karlene Haugen chakula chake cha mwisho cha wikendi. Viazi vya kuoka na nyama ya kusaga. Vilikuwa vimepoa, kwa sababu nilipokuwa navitoa jikoni simu iliita, nikaviweka chini kwenda kumsikiliza mzee mmoja aliyetaka kujua kama kesho shule zitafunguliwa.

"Ardis, hiki ni chakula au ushahidi wa kesi?" Karlene aliniuliza kupitia tundu la mlango.

"Kula. Bado saa moja tu, uende ukapike chako."

Kazi yangu ndivyo ilivyo. Kaunti yetu ina watu elfu mbili, selo nne na kiti kimoja cha zamu. Anayekaa kwenye kiti hicho ni askari jela, na ni yeye huyo huyo anayepokea simu za dharura za kaunti nzima. Nimekikalia miaka kumi na tisa. Watu wa mijini wakisikia hucheka, na mimi nawaacha wacheke. Lakini kama jioni ile tungekuwa wawili kwenye viti viwili, yule aliyekuja angepata alichokifuata.

Karlene hakuwa mhalifu wa kutisha. Alilewa, akaendesha gari, akaangusha kibao cha kanisa la Walutheri pamoja na uzio wake. Jaji akampa wikendi sita za jela. Anaingia Ijumaa saa kumi na mbili jioni, anatoka Jumapili saa kumi na mbili jioni, na mumewe Darrell ndiye anayemleta na kumchukua. Saa kumi na mbili kamili. Dakika moja ikizidi, anayevunja sheria ni mimi.

Nje dhoruba ya theluji ilikuwa imeanza tangu mchana. Upepo ulikuwa ukilia kwenye bomba la paa, na kutoka dirishani sikuweza kuona hata nguzo ya bendera, iliyo hatua kumi tu kutoka mlangoni.

Saa kumi na moja na dakika arobaini, kengele ya mlango ililia.

Nilitupa jicho kwenye kamera. Darrell. Kofia yake ya kahawia, koti lake lenye kiraka begani. Kidole kilibonyeza kitufe kabla akili haijafika. Ndiyo tabia ya kazi hii, ukiijua sura unafungua.

Jela yetu ina milango miwili. Ukipita wa kwanza unaingia chumba kidogo cha vioo vinene na chuma, tunakiita chumba cha kati. Wa kwanza ukishajifunga nyuma yako, ndipo mimi naamua kama nitakufungulia wa pili. Alipita wa kwanza. Ukajifunga.

Nikawasha spika. "Umewahi, Darrell. Bado dakika ishirini."

"Nimekuja kumchukua mke wangu."

"Nimekusikia. Kaa hapo upate joto."

Hakukaa. Alisimama katikati ya chumba, mikono imening'inia. Hita iliyo juu yake ilikuwa ikinguruma. Theluji mabegani mwake haikuyeyuka.

Kisha harufu ikanifikia, kupitia tundu dogo la kupitishia karatasi. Darrell hunuka dizeli na ng'ombe, Mungu ambariki. Hii ilikuwa harufu ya udongo mbichi... udongo uliofukuliwa sasa hivi. Januari kwetu udongo huganda ukawa jiwe, kwenda chini zaidi ya mita moja. Haunuki.

Nilikuwa bado najiambia pua yangu imezeeka, simu ya dharura ikaita.

"Dharura. Sema ulipo."

"Ardis..." Meno yalikuwa yakigongana. "Ni mimi, Darrell. Nimeingia mtaroni."

Nilimtazama Darrell.

Darrell alikuwa akinitazama. Mdomo wake umefungwa.

Mikono ina akili yake. Ilishaanza kuandika.

"Mtaro upi?" nikanong'ona.

"Sijui... Nimepita makaburi ya Walutheri, nikakunja, kisha sikuona kitu tena. Pikapu imelalia ubavu. Injini imekufa. Chaji ya simu imebaki asilimia sita." Akapumua kwa shida. "Ardis, usimtoe Karlene. Unanisikia? Hali ya hewa hii ni ya kuua. Mwache alale humo humo, hata akikutukana."

Hapo ndipo nilipojua. Si kwa sauti, maana zote mbili zilikuwa zake. Mmoja alitaka mke wake atolewe nje kwenye theluji. Mwingine alikuwa anaganda mtaroni, na alichoomba ni mke wake abaki ndani.

Nikachukua redio ya mawasiliano nikamwita Curt, naibu sherifu wetu, aliyekuwa kwenye greda la kusukuma theluji upande wa kaskazini. Nikampa njia. Makaburi, kona, mtaro wa kulia au wa kushoto, atafute pikapu nyeupe ndani ya weupe.

"Mwambie arudi."

Sauti ilitoka kwenye spika. Sikuwa nimeiwasha tena.

"Mimi niko hapa, Ardis. Huyo wa kwenye simu anafanya mzaha. Mwambie Curt arudi."

Kioo kile ni kinene kama kamusi. Nilikuwa nimenong'ona. Asingeweza kunisikia... na alinisikia.

Simu ya pili ikaita. Sherifu Brandvold, kutoka nyumbani kwake, amekaa sebuleni anasikiliza redio na kutazama kamera za ofisi kwenye simu yake.

"Ardis, umerukwa na akili? Unampeleka Curt akafe kwa ajili ya Darrell Haugen, na Darrell Haugen namwona hapa amesimama mbele yako!"

"Bosi, huyo siye."

"Siye vipi? Namwona na macho yangu. Kuna mtoto mtundu anachezea simu. Mrudishe Curt, na saa kumi na mbili ikifika mtoe huyo mwanamke aende na mumewe. Ni sheria."

"Simrudishi. Na simtoi."

Sherifu wetu si mtu mbaya, ila hajazoea kuambiwa hapana na mwanamke aliye kwenye kiti. "Basi Jumatatu usije kazini."

"Sawa, bosi. Ila leo ni Jumapili." Nikakata.

Akamwita Curt mwenyewe, redioni, akamwamuru ageuze. Nilisikia Curt akivuta pumzi.

"Ardis... bosi anasema nirudi."

"Bosi hajamsikia Darrell. Mimi nimemsikia. Anaganda, Curt. Utaamua mwenyewe utakavyolala leo."

Redio ilikoroma. Kisha: "Naendelea. Ukiniponza, nyama zako zote za Krismasi ijayo nazila mimi."

Saa ya ukutani ikagonga kumi na mbili kamili.

"Saa imefika," yule wa chumba cha kati akasema.

Na Karlene akasikia. "Darrell? Mpenzi, uko hapo? Ardis, fungua, saa yangu imefika!"

"Kaa kimya, Karlene."

"Huna haki!" Akaanza kupiga mlango wa selo kwa viganja. "Ardis, huna haki ya kunishika!"

"Sina," nikamjibu. "Utanishtaki kesho. Mimi nitakuwa shahidi wako."

Kitasa cha mlango wa pili kilianza kushuka.

Polepole...

Mlango ule hufunguka kwa kitufe changu tu, mle ndani kitasa ni pambo. Kikashuka. Kikafika chini. Kikabaki chini. Nilibonyeza kufuli la dharura, linaloziba milango yote miwili, taa nyekundu zikawaka juu ya kila mmoja. Sasa hakuna wa kuingia wala wa kutoka.

Niliona kichwa chake kikigeuka kutazama mlango wa nyuma, kisha kikanirudia. Nadhani hakuwa amefikiria hilo.

"Ndiyo," nikamwambia. "Hii ni jela. Hukuona kibao?"

Wakati huo huo sikioni, Darrell alikuwa anapotea. Maneno yake yamekuwa mazito. "Ardis... nashuka. Nimechoka kukaa. Ngoja nishuke nitembee..."

"Ukishuka, Darrell Haugen, mbwa wewe, nitakuja kukufufua nikuue tena kwa mikono yangu! Kaa ndani ya gari! Sogeza vidole. Nitajie ng'ombe wako kwa majina."

"Ng'ombe hawana majina..."

"Basi wape, mjinga! Anza!"

Akaanza. Alimpa ng'ombe wa kwanza jina langu. Nikamwambia akitoka hai atanilipia hilo tusi.

Halafu chumba cha kati kikabadilisha sauti.

"Ardis, mpenzi... ulisema wanakuja."

Sauti ya bibi. Nyembamba, yenye adabu. Pearl Stensrud. Moyo wake ulisimama miaka saba iliyopita, akiwa jikoni kwake, simu mkononi, maili thelathini kutoka gari la wagonjwa. Nilizungumza naye mpaka pumzi ya mwisho. Nilimwambia wanakuja, wanakuja, wanakuja. Hakuna mtu mwingine duniani aliyeisikia sauti ile ikisema maneno yale. Ilikuwa Pearl na mimi.

"Ulisema wanakuja, Ardis. Utamdanganya na huyu?"

Nililia. Sioni haya kusema. Machozi yalinimwagika juu ya kitabu cha zamu. Lakini chini ya kilio kulikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo, si kwa mlevi, si kwa mwizi, si kwa mtu aliyempiga mkewe.

Nikasogeza mdomo kwenye spika mpaka ukagusa chuma.

"Hiyo sauti umeiiba," nikasema. "Pearl alinishukuru kabla hajafa, na hilo hulijui, kwa sababu hukuwepo. Mimi nilikuwepo. Sasa sikiliza, wewe uliyekuja bila jina. Nimefungia humu wanaume walioua. Nimewapikia uji, nimewafundisha kusema asante. Unataka sauti zangu zote? Zitoe. Ninazo nyingi kuliko wewe. Karlene hatoki, Curt harudi, na wewe utakaa hapo mpaka nitakapotaka mimi."

Yule wa chumba cha kati akaanza kunguruma chini kwa chini, bila kufungua mdomo, na vioo vikatetemeka kwenye fremu zake. Karlene alikuwa ameacha kupiga mlango. Hata yeye alikuwa amesikia kwamba ule haukuwa mngurumo wa mume wa mtu.

Simu ya Darrell ikakatika.

Nikaita jina lake mara tatu kwenye laini iliyokufa. Saa ikasogea dakika moja, mbili, nne. Yule wa chumba cha kati akaanza kutabasamu kwa mdomo wa Darrell, na nikaona rangi inamwingia mashavuni. Theluji mabegani mwake ikaanza kuyeyuka. Tone la kwanza likaanguka sakafuni.

Bibi yangu mzaa baba, aliyekulia kwenye nyumba ya udongo uwandani, alikuwa akisema kuna kitu cha theluji kinachomvaa mtu kabla hajafa, kama mtu anayejaribu koti dukani. Mwenye mwili asipopatikana akiwa hai, koti linabaki kuwa la kitu hicho. Tulipokuwa wadogo tulidhani anatutisha ili tufunge mlango vizuri. Nilitazama yale matone nikahesabu. Matano. Sita.

"Ardis." Redio. Curt, anahema. "Nimempata. Nimevunja kioo. Anapumua! Ananitajia majina ya ng'ombe, sijui kachanganyikiwa..."

Nilipoinua kichwa, chumba cha kati kilikuwa kitupu.

Taa nyekundu zilikuwa bado zinawaka juu ya milango yote miwili.

Sakafuni kulikuwa na vilima viwili vidogo vya theluji, chini ya pale mabega yalipokuwa. Hita iliviwakia usiku kucha na havikuyeyuka. Asubuhi nilivizoa kwa kizoleo nikavitupa nje, na kizoleo nikakitupa pia. Jumatatu jioni nilirudi kazini kama kawaida. Sherifu alinikuta kwenye kiti, akanisalimia, akaenda ofisini kwake. Alikuwa ameitazama video yote. Hajaniambia alichokiona, ila tangu siku hiyo hatazami tena kamera akiwa nyumbani.

Ijumaa iliyofuata Darrell alimleta Karlene kwa wikendi yake ya mwisho. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na bandeji. Vidole viwili vimekatwa. Karlene alinikumbatia bila neno, akaingia mwenyewe selo namba mbili. Darrell akabaki mbele ya kioo changu, anazungushazungusha kofia.

"Ardis, siku ile... kule mtaroni ulikuja na nani?"

"Sikuja. Nilikuwa hapa, nakupigia kelele."

"Najua. Ulikuwa sikioni." Akashusha sauti. "Lakini ulikuwa dirishani pia. Sare hiyo hiyo. Funguo kiunoni. Unagonga kioo, unasema, shuka mwanangu, shuka twende, Karlene anakungoja."

Nikaiweka kalamu chini.

"Nilikuwa nimeshashika kitasa," akasema.

"Sasa kwa nini hukushuka?"

Alinitazama kwa aibu, kama mtu anayeogopa kukosea adabu. "Yule wa dirishani alikuwa mpole. Ananibembeleza, ana sauti tamu kama ya nesi. Na wewe sikioni unaniita mbwa. Nikajiambia, Ardis ni huyu anayenitukana."

Sikucheka. Bado sijaweza kucheka.

Basi nanyi sikieni. Mkikwama kwenye kaunti yetu wakati wa dhoruba, na mwanamke mwenye funguo akaja dirishani kuwabembeleza, msishuke. Kaeni ndani, mpige simu. Atakayewatukana ni mimi.